Dada Kitambaa na mdomo uliokufa ganzi

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, mwanamke mwenye kitambaa cheupe begani anafuta stroberi moja baada ya nyingine. Anaishika kwa kikonyo, anaizungusha ndani ya kitambaa mara mbili, anaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha anailaza kwenye trei. Ameshafuta mia moja na kumi. Zimebaki hamsini.

Kando yake, vipande vya machungwa vilivyomenywa hadi ngozi nyeupe ya ndani vimepangwa juu ya wavu vikauke. Hakuna anayeruhusiwa kupita karibu na meza hiyo akiwa na mikono yenye maji. Mpishi wa mchuzi amejaribu kukatiza na sufuria inayodondosha, akarudishwa kwa jicho tu.

"Tone moja likiingia kwenye chokoleti, basi tena. Inashikana, inakuwa kama udongo," anasema bila kuinua kichwa. "Watu wanaogopa moto. Moto utaupoza. Maji utayatoaje?"

Katika hoteli hii ndogo yenye vyumba ishirini na viwili na ukumbi mmoja wa mikutano, karibu kila mtu amesahau jina lake. Ni Dada Kitambaa, kuanzia kwa meneja hadi kwa mlinzi wa getini. Ana miaka arobaini na sita, binti wawili, na mume ambaye ni fundi cherehani. Kazi yake ni kuandaa kitindamlo, na leo kazi hiyo iko hatarini.

Mchana kuna wageni themanini. Meneja ameshasema wazi: chokoleti ikitoka na utando wa kijivu kwa mara ya tatu, hoteli itaanza kununua keki za nje, na Dada Kitambaa atarudi kwenye sinki la vyombo alikoanzia.

Alikaa kwenye sinki hilo miaka tisa. Mpishi wa kitindamlo aliyekuwepo wakati huo alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hakuwa mchoyo wa ujuzi. Alipomwona muosha vyombo anamchungulia kila siku kupitia kwenye rafu ya sahani, alimwita. Alipostaafu, meza ikabaki kwake. Sasa ni mwaka wa kumi na moja, na mshahara wa mezani unazidi ule wa sinki kwa theluthi moja. Theluthi hiyo ndiyo inayomsomesha binti yake mdogo, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari.

Anachokipika, kama ni kupika, ni kitu chepesi mno kukieleza. Stroberi mbili zilizozamishwa nusu katika chokoleti nyeusi. Kipande kimoja cha chungwa kilichozamishwa vivyo hivyo. Chembe chache za chumvi juu ya chokoleti. Hakuna krimu, hakuna biskuti, hakuna kile kimwavuli cha karatasi.

"Meneja aliwahi kuniambia niongeze kitu kidogo, sahani ijae," anasema. "Nikamwambia, bosi, nikiongeza kitu kingine ujue kuna kitu nakificha."

Na hapo ndipo penye shughuli. Chokoleti huyeyushwa theluthi mbili juu ya mvuke, inaepuliwa, kisha theluthi iliyobaki hutiwa kidogo kidogo, ikiwa vipande vya baridi, huku ikikorogwa mpaka ipoe hadi nyuzi thelathini na moja au thelathini na mbili. Ikifika hapo, itakauka iking'aa na itavunjika kwa mlio. Ukiharakisha ikiwa bado ya moto, itakauka na madoa kama majivu, na itamlowesha mgeni vidole.

Mpishi wa zamani alimfundisha kupima kwa mdomo. Unachovya kijiko kidogo safi, unagusisha chokoleti kwenye mdomo wa chini. Ikiwa tayari, husikii moto. Unasikia kaubaridi kadogo sana, karibu na kutosikia chochote. Kwa miaka kumi alipima hivyo, upande wa kulia, bila kukosea.

Kisha jino likamuuma.

Lilikuwa gego la mwisho la chini, kulia. Daktari wa meno alimwonya mapema kwamba mzizi wake umelala karibu na mshipa wa fahamu, na kwamba ganzi inaweza kubaki kwa muda. Akakubali, kwa sababu alikuwa hapati usingizi. Jino lilitoka salama. Ganzi haikutoka. Miezi miwili sasa, nusu ya mdomo wake wa chini na sehemu ya kidevu ni kama si vyake.

"Mume wangu akinibusu upande huu namwambia rudia, hiyo sijaipokea," anasema, na jiko zima linacheka. Ni dhahiri utani huo wameshausikia, na bado unawavunja mbavu.

Lakini siku aliporudi kazini hakuna aliyecheka. Ilikuwa siku ya tatu baada ya kung'oa, na alidhani ganzi itaisha yenyewe. Kulikuwa na sahani sitini. Akachovya kijiko, akagusisha pale pale alipozoea, hakusikia moto. Akaanza kuzamisha.

"Ile hali ya kutosikia kitu ndiyo dalili yangu ya miaka yote kwamba iko tayari," anasema. "Kumbe mdomo ulikuwa umekufa. Ulikuwa unakubali tu kila kitu."

Sahani zilitoka zikiwa na madoa ya kijivu. Mgeni mmoja aliuliza kama jikoni kuna mtu anavuta sigara. Dada Kitambaa aliingia stoo, akakaa kati ya magunia ya unga, akalia.

"Sikulilia sahani. Niliona mwili wangu umenisaliti, tena bila hata kuniambia."

Wiki mbili baadaye alijaribu kwa upande wa kushoto. Upande huo ulikuwa mzima, ila haukuwa umefundishwa kitu. Akakosea tena.

Meneja, mwanamume wa makamo anayetembea haraka hata pasipo na haraka, hataki aonekane mkatili. "Mimi sina ugomvi naye, ni mtu wangu wa siku nyingi," anasema. "Ila mgeni hajalipia kusikia habari za jino la mtu." Alimnunulia kipimajoto cha sindano, akampa wiki sita hadi chakula cha leo. Kwa muda huo wote wageni walipewa matunda matupu.

Dada Kitambaa hakulaza damu. Kila jioni alirudi na kipimajoto nyumbani, kwenye chumba cha mbele ambako mumewe hushonea. Mume alikuwa anajaza vikombe sita kwa maji ya joto tofauti, anavipima kwa siri, anaandika namba kwa chaki ya kushonea juu ya meza na kuifunika kwa kipande cha kitambaa. Mke anachota kwa kijiko, anagusisha mdomo upande wa kushoto, anataja namba.

"Wiki ya kwanza alikuwa anakosea nyuzi kumi nzima," anasema mumewe, tuliyemkuta akitia pindo suruali ya shule. "Nikamwambia, mke wangu, kwa mwendo huu utapika supu. Akaninunia siku mbili." Wiki ya tano alikuwa anakosea nyuzi moja, au hakosei. "Nilioa mpishi. Siku hizi naishi na kipimajoto, na nakuambia, mtoto akiwa na homa hatuhangaiki."

Saa nne na nusu, chokoleti iko tayari kupozwa. Meneja amekuja kusimama karibu na meza, mikono nyuma. Dada Kitambaa anatia vipande vya baridi, anakoroga, anachomeka sindano. Namba inashuka: thelathini na sita, thelathini na nne, thelathini na mbili.

"Hiyo hapo. Anza basi, muda unakwenda," anasema meneja.

Anachukua kijiko safi, anagusisha mdomo wake upande wa kushoto. Anachukua kijiko kingine, anarudia.

"Bosi, hii ya moto."

"Kifaa kinasema thelathini na mbili."

"Nakiona. Lakini ya moto."

Mpishi wa mchuzi ameshika kifuniko hewani. Dada Kitambaa anachomoa sindano na kuigeuza. Kwenye ncha yake kimeng'ang'ania kipande cha chokoleti ambacho hakijayeyuka, kikubwa kama punje ya hindi. Kifaa kilikuwa kinapima kipande hicho cha baridi, si bakuli. Anaifuta sindano, anakoroga, anaichomeka tena.

Thelathini na nne na nusu.

Meneja anakohoa, kisha anasema anakwenda kuangalia kama vitambaa vya meza vimepigwa pasi.

Dakika nne baadaye stroberi ya kwanza inazama. Inatoka, inatingishwa mara moja, inalazwa kwenye karatasi. Inakauka. Inang'aa. Mpishi wa mchuzi anaangua kelele kana kwamba timu yake imefunga bao, na Dada Kitambaa anamwambia apunguze mate, yuko karibu na matunda.

Saa nane mchana sahani themanini zinarudi. Vimebaki vikonyo tu. Mwandishi wa makala haya, ambaye si mpenzi wa vitu vitamu, alipewa sahani moja jikoni. Chokoleti ilivunjika kwa mlio mdogo, ikafuata chumvi, kisha maji ya stroberi yakaosha vyote viwili. Aliomba ya pili na akanyimwa.

Meneja anaingia kwa mwendo wake ule ule. "Wale watu wa keki nitawapigia niwaambie basi," anasema, na kutoka.

Dada Kitambaa anageuza ndoo tupu na kuikalia. Hashangilii. Machozi yanamtoka, na safari hii hakimbilii stoo.

Daktari amemwambia hisia zinaweza kurudi ndani ya mwaka mmoja na nusu, au zisirudi kabisa. Yeye ameacha kuzisubiri. Kinachomkosesha usingizi ni kitu kingine: kwamba kwa miaka kumi jiko zima lilitegemea kipande cha ngozi chenye upana wa kidole, na jino moja likatosha kuliangusha. Mpango wake ni kwamba kabla ya mwaka kwisha, wawepo wawili wanaoijua kazi hii.

Ameshamchagua mtu. Ni muosha vyombo ambaye wote humwita Mama Mkubwa, mwenye miaka hamsini na mitatu, aliyekuwa kwenye sinki kabla yake na bado yuko pale.

"Siku ile nalia stoo, yeye ndiye aliyeziosha zile sahani sitini," anasema Dada Kitambaa. "Alizikwangua moja moja. Hakuniuliza kitu, hakumsimulia mtu."

Mama Mkubwa alikataa kwanza. Alidai mdomo wake umeharibiwa na chai ya moto, na kwamba katika umri wake hawezi kuanza kuitwa mwanafunzi. Meneja amekubali wafanye mazoezi asubuhi mbili kwa wiki, kwa bakuli dogo.

Jumatatu tunawakuta wamesimama pamoja mezani. Mama Mkubwa amekausha mikono hadi kwenye viwiko. Dada Kitambaa anakoroga, anagusisha mdomo wake, anaitikia kwa kichwa kwamba iko tayari na kuchukua stroberi kwa kikonyo. Mama Mkubwa, ambaye hakuna aliyemuuliza, amechovya kijiko chake.

"Bado," anasema.

"Bado nini, dada?"

"Bado ina moto, mdogo wangu. Ngoja kidogo."

Dada Kitambaa anamtazama. Anaichomeka sindano na kukoroga chokoleti vizuri safari hii, mpaka namba itulie. Thelathini na tatu na nusu.

Anairudisha stroberi kwenye trei, anasogea pembeni, na kumpisha mwenzake ashike mwiko.