Kadi ya Tatu

Fundi kompyuta wa ghorofa ya chini ana kadi tano za muziki, za kompyuta za zamani, na kila moja ina sauti zake za ngoma na filimbi ndani. Mimi hupita kunyoosha miguu tu, lakini nikimkuta nakaa. Kadi huipuliza vumbi, huichomeka kwa vidole viwili kama anayelaza mtoto, kisha huwasha wimbo uleule wa mchezo alioupenda binti yake utotoni. Binti sasa yuko mbali, na fundi anatafuta kadi inayolia kama ile ya nyumbani enzi zile. Humpigia, na simu huisogeza kwenye spika.

"Hii filimbi ina mafua, baba," binti alisema juzi akicheka. Jana, kadi ya tatu ilipolia, alipiga kelele: "Ndiyo yenyewe! Umeipata!" Fundi akaitazama simu. "Hapana, mama," akasema taratibu. "Hujasikiliza vizuri. Bado mbili. Nitakupigia kesho." Akaichomoa kadi, akaifunga kwenye kitambaa chake, akanigeukia. "Mzee wangu, hukusikia kitu, eti?" Nikamwambia masikio yangu siku hizi mabovu.