Mzuka Unabisha Hodi

Jumamosi, kwenye duka la santuri Temeke, nilimkuta mwimbaji aliyeacha bendi yake ya magitaa ya makelele na kurekodi santuri ya kwanza peke yake, nyimbo zote za mizuka. Mwenye duka akaiweka kwenye gramafoni. Sauti ikanguruma, na mama mmoja akaziba masikio.

"Wenzio wanatuimbia tulime, wewe unatuimbia tuogope?"

"Shikamoo, mama," mwimbaji alijibu, kichwa chini.

"Marahaba." Lakini hakuondoka. "Hebu rudisha pale mzuka unapobisha hodi."

Akasikiliza mara tatu, kashika kifua, kisha akaomba santuri mbili.

"Ya pili ya nani?" mwenye duka aliuliza.

"Ya dada yangu wa Mwananyamala. Nikose usingizi peke yangu?"

Ujamaa tumehubiriwa sana, ila huu wa kugawana hofu mama yule kauanzisha mwenyewe. Mwimbaji akainua kichwa.