Meno Mawili na Mizani ya Sato

Kibao cha gereji yangu pale Igoma nilikiandika kwa mkono wangu, na nilikirudia mara tano kwa sababu herufi M ilikuwa inaegemea kushoto. Kilisema: TUNAREJESHA MENO YALIYOLIKA. Nilishughulika na ile M mpaka nikasahau kufikiria maneno yenyewe.

Kwa mafundi, meno ni ile mistari ya mzunguko ndani ya tundu, inayoshikwa na bolti wakati wa kukaza. Ikilika, bolti inazunguka bure na tunasema meno yamekufa. Kuyafufua ndiyo kazi pekee ninayoiweza, na nilifundishwa na video za simu. Sijawahi kuwa na mwalimu wa kuniambia basi, inatosha, acha.

Wiki hiyo nilikuwa na pikipiki ya dereva wa bodaboda wa Mabatini. Alikuwa ameng'oa mbele yote akaweka shokapu ndefu alizochongesha kwa fundi wa mashine, gurudumu likawa limetangulia kama linakwenda safari yake. Kile kipande cha alumini kinachobana shokapu zote mbili chini ya usukani sikujua jina lake, kwa hiyo nilikiita taji. Taji lilikuwa na matundu manne ya bolti, na moja lilikuwa limekufa meno.

"Fundi, Jumamosi napeleka posa Busisi," aliniambia. "Ukweni wamesikia habari za pikipiki kabla ya habari zangu. Nikifika na basi watauliza mwenyewe yuko wapi."

Lile tundu nililitengeneza vizuri. Nililipanua kwa dreli, nikakata meno mapya, nikazungushia ndani kijispringi cha chuma ambacho ndicho kinakuwa meno ya kudumu. Hapo ningeacha. Lakini mimi siwezi hata kula kama bolti moja imekazwa kuliko mwenzake. Video ilisema zote nne zikazwe kwa nguvu moja, kwa spana yenye kipimo. Spana hiyo sina. Nikapiga hesabu kwamba nikifunga mizani ya kuning'iniza kwenye ncha ya spana yangu na kuvuta mpaka isome kilo kumi, itakuwa sawasawa. Nilirudia hesabu mara tatu. Mpaka leo hesabu ile haina kosa.

Mizani niliazima kwa jirani anayenunua sato na sangara mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, na kuwauza sokoni. Ana mizani mbili.

"Unataka ya kununulia au ya kuuzia?" aliniuliza.

"Yoyote tu, kaka."

Akanitazama kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akanipa ya kununulia.

Bolti ya kwanza ikashika. Ya pili, ilipofika kilo tisa na nusu, niliisikia ikilegea mkononi kama siagi. Nikajiambia tundu hilo lilikuwa bovu tangu zamani. Nikahamia la tatu nipate uhakika, na uhakika nikaupata.

Sasa nakiri. Nilijaza gundi ya chuma kwenye matundu yale mawili, nikarudisha bolti, nikasubiri ikauke. Hata udanganyifu niliufanya kwa usafi: gundi iliyozidi niliifuta kwa kijiti cha pamba cha masikioni. Ukitazama, lilikuwa taji zuri kuliko yote Mwanza. Lilikuwa pia taji la kumuua mtu kwenye kona yoyote kabla hajafika Kigongo, pa kuvukia ziwa kwenda Busisi.

Ijumaa asubuhi, kabla mwenye pikipiki hajaja, aliingia bibi mmoja wa Kihaya, kitenge kipya, mkoba mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni hili la nyuma," akasema, akakaa kwenye benchi na kufungua mdomo.

Nilielewa mara moja ni kibao kilichomleta. Nilipaswa kumwambia. Lakini kumkatiza mtu mzima akiwa ameshafungua mdomo ni jambo ambalo nafsi yangu haina mahali pa kuanzia. Na nitasema kweli yote: nilitamani kuliona. Nikawasha taa ya simu, nikainama.

Hapo ndipo mwenye pikipiki alipoingia.

"Ee daktari! Siku hizi mpaka watu?"

"Ngoja zamu yako," bibi alimjibu bila kufunga mdomo.

Dereva akaenda zake kwenye pikipiki, akaanza kupapasa taji kwa kidole, taratibu, kama anayemwonyesha mkwewe.

"Sema kweli, mjukuu wangu," bibi akasema. "Limekufa?"

Nilikuwa natazama kile kidole.

"Yamekufa," nikasema.

"Mangapi?"

"Mawili. Mimi ndiye niliyeyaua, jana, kwa kutaka yalingane na mengine. Halafu nikaziba na gundi."

Bibi akafunga mdomo. "Jana? Jana mimi nilikuwa kwa binti yangu!" Akaingiza kidole shavuni kukagua. "Gundi gani?"

Kidole cha yule dereva kilikuwa kimeondoka kwenye taji.

"Ungeniacha nivuke na gundi?"

"Ningekuambia."

"Lini?"

"Ukirudi."

"Ningerudije?"

Bibi, ambaye sasa alikuwa ameelewa kwamba mdomo wake uko salama, alitaka aonyeshwe nilivyofanya. Nikamwonyesha spana na mizani. Akaichukua mizani, akatoa mkobani pakiti mbili za sukari za kilo moja moja, hazijafunguliwa, akazitia kwenye mfuko na kuutundika. Mizani ikasoma kilo moja na nusu.

"Ya nani hii?"

"Ya jirani. Ya kununulia."

"Ya kununulia!" Dereva alipiga kofi tangi la mafuta. "Kwa hiyo wavuvi wamepunjwa samaki, na taji langu limeongezewa nguvu!"

Ndipo lile swali la jirani likaniingia kichwani. Nilitamani lawama zote zihamie kwenye mizani. Lakini mizani haikupaka gundi.

Nilifanya kazi mpaka alasiri, wao wawili wamekaa kwenye benchi wananitazama kama wasimamizi wa mtihani. Nilichimba gundi yote, nikakata meno upya, nikatia vijispringi viwili. Wakati wa kukaza, bibi alishika karatasi ya hesabu mpya na kusoma mizani mwenyewe. "Saba na nusu! Acha!" Nikaacha. Alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kuniambia hivyo.

"Haya," dereva akasema, "panda nyuma yangu tujaribu."

Nilichukua kofia, nikaanza kulinganisha kamba zake. Bibi akainuka, akaninyang'anya kofia ya abiria.

"Anapanda nani? Mimi ndiye ninayeumwa. Yakishika, nitafika hospitali. Yasiposhika, nitafika hospitali vile vile."

Wakaondoka, lile gurudumu mbele yao likiwa limeshaingia barabarani wakati bibi bado yuko uani. Nilisimama mlangoni na mizani mkononi. Nilihesabu pikipiki zilizopita mpaka nikapoteza hesabu.

Dereva alirudi peke yake. Alininyooshea spana. Niliijaribu kila bolti. Zote nne zilikuwa pale pale nilipoziacha.

"Bibi wamemng'oa jino," akasema. "Kasema nikuambie ulipatia. Lilikuwa limekufa kweli."

"Kibao nakibadilisha leo leo."

"Kiache. Ongeza tu kwamba hamtumii gundi. Uandike nikiona."

Nikachukua brashi, nikaanza: HATUTUMII. Ile H ikaegemea kushoto. Nikaifuta, nikaanza upya, naye akawasha pikipiki akaondoka bila kusubiri nimalize.