Uso wa Kijani Langoni kwa Mama

Wataalamu wa tabia za watu walifika kwetu Naro Moru kwa gari kubwa, wakatueleza polepole, kana kwamba sisi ni watoto wa chekechea, kuwa binadamu haokoi maji kwa kuelewa bali kwa kumwonea jirani aibu. Basi mradi wetu wa maji ya mlimani ukabandika stika kwenye kila lango. Aliyetumia maji machache kuliko majirani alipewa uso wa kijani unaotabasamu. Aliyetumia mengi akapewa uso mwekundu ulionuna.

Walisahau kuuliza jambo moja tu, dogo kabisa: maji yetu yananywewa na nani. Yananywewa na ng'ombe. Mwezi haukuisha kabla ya uso mwekundu kuwa cheo, kwani ulitangaza ng'ombe wengi. Waliobandikwa waliupangusa vumbi Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Jirani yetu mmoja, mwenye ndama wawili tu, alianza kuosha hata mawe ya uani ili naye anuniwe.

Mama yangu alipata uso wa kijani, tabasamu hadi masikioni.

Ng'ombe wake alikuwa amekufa, tumbo limejaa mifuko ya plastiki iliyotupwa kando ya barabara. Tulimzika nyuma ya nyumba, mimi na kaka yangu, na Mama akatukataza kusema. Majirani aliwaambia kwamba ng'ombe amekauka maziwa, anangoja kuzaa. Kila jioni alipita barabarani na mzigo wa nyasi mgongoni, akaupeleka kwenye banda tupu. Miaka yote yeye ndiye aliyewapa maziwa waliokosa, na kupewa ni kitu ambacho hangekivumilia. Sasa stika ilikuwa inamtangaza bila malipo.

Kama hiyo haikutosha, wataalamu walimsimamisha mbele ya mkutano awe mfano wa kuigwa. Tukapiga makofi. Mtaalamu mkuu, kijana aliyevaa koti la mvua kwenye jua kali, akamwomba atufichulie siri yake ya kuokoa maji. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ng'ombe yangu ilikufa," Mama akasema.

Mtaalamu akaongoza makofi tena. Nadhani mawazo yake yalikuwa yameshafika kwenye chakula cha mchana. Majirani hawakupiga.

Asubuhi iliyofuata tulikuta chupa za maziwa zimepangwa nje ya lango. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyengoja kushukuriwa. Niliwapenda majirani wale na kuwachukia kwa wakati mmoja. Mama aliziingiza ndani moja moja, akachemsha maziwa, akanimiminia chai nzito ya kunitosha.

Kisha akateleka sufuria nyingine, akajipikia chai ya rangi.