Kafi Lililotakiwa Kufika Kavu

Mdogo wangu aliolewa visiwani, katikati ya mto Lualaba, upande wa Nyangwe, na mimi nilimlaumu kwa hilo tangu siku ya arusi. Sisi ni watoto wa Kabambare, watu wa jembe na vilima. Kwetu maji ni kitu cha kubeba kichwani, si kitu cha kukalia. Yeye akamwona mvuvi mmoja sokoni Kasongo, kijana wa mabega mapana aliyeuza samaki wa moshi, akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, huyu ndiye." Nikamwambia utamu wa samaki huisha mwiba ukikwama kooni. Alicheka, akaenda naye.

Huko akazaa binti mmoja, na kila nilipokwenda kumwona nilitapika njia nzima. Visiwani hakuna njia nyingine. Kisiwa hiki kina soko, kile kina kanisa, kingine kina mashamba ya muhogo, kwa hiyo hata kwenda kumpa jirani pole ni safari ya mtumbwi. Wenye haraka wanapanda mtumbwi wa moteri. Unakaa juu ya ubao, miguu imo ndani ya maji yenye mafuta, ubavuni kwako kuna mbuzi aliyefungwa miguu, na aliyeshika moteri nyuma anaimba kana kwamba anakupeleka kwenye sherehe. Niliuchukia mto ule, na bado ninauchukia.

Kisha mto ukamchukua shemeji yangu. Mtumbwi wake ulipatikana, nyavu zake zilipatikana, yeye hakupatikana. Na katika ukoo wao, mwanamke ambaye mume wake amechukuliwa na mto na maiti haikuonekana hufungwa maji. Maana yake havuki. Anabaki kisiwani mpaka mkubwa wa ukoo amfungue kwa mkono wake. Akivuka kabla ya hapo, mto utadai mtu mwingine wa nyumba ile, na utaanza na aliye mdogo. Mdogo wangu alibatizwa siku moja na mimi, tukapata na kipaimara pamoja, lakini jambo hilo aliliamini kuliko wenye ukoo wenyewe.

Hayo yote ningeyavumilia kama asingeugua. Alianza kukohoa, akakonda, miguu ikavimba. Muuguzi mmoja aliyepita visiwani kuchanja watoto alimsikiliza kifua, akasema apelekwe hospitali ya Kasongo upesi, apigwe picha. Habari ikanifikia kwa mama mmoja muuza samaki. Kaka yetu yuko Lusangi anachimba dhahabu, na simu yake haikamati. Baba na mama wako mavumbini. Nikafunga cherehani yangu hapa Kasongo ninakoishi, nikaenda.

Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka mbele ya nyumba, mama mkwe wake anamkanda miguu kwa mawese ya moto. Mtoto alikuwa anacheza na magamba ya samaki. Sikukaa hata chini.

"Simama twende," nilisema. "Kama huwezi kutembea nitakubeba mgongoni."

"Yaya, siwezi vuka."

"Nani anakukataza? Huyu mama?"

"Hapana yeye. Ni mutoto. Nikivuka, maji itamuchukua."

"Maji haina macho, weye!"

"Ilimuona baba yake," alisema.

Ningefurahi kuandika kwamba mama mkwe alikuwa mtu mbaya. Ingenisaidia. Lakini alikuwa analala macho kwa ajili ya mdogo wangu, anamwosha, anamlisha uji kwa kijiko, na yeye mwenyewe alikuwa amefiwa na mwana. Aliniambia kwa upole kwamba dawa ipo: mkubwa wa ukoo, baba mdogo wa marehemu, alikuwa amehamia visiwa vya juu kufuata samaki. Akija yeye, au akituma mkono wake, mgonjwa atavuka siku hiyohiyo. Nikauliza kwa nini hawajamwita. Akasema wametuma watu, na watu hawajarudi. Basi nikajua kazi ni yangu.

Mwenye moteri niliyempata alikuwa kijana mnene, mcheshi, wanamwita shofa. Nilipoingia mtumbwini mwake niliona hana kafi hata moja, nikamuuliza.

"Mama, moteri na kafi haziwezi lala nyumba moja," alijibu. "Bibi yangu alipikia maharagi nayo."

Nilicheka. Laiti ningeshuka palepale.

Tulipanda mto. Kisiwa cha kwanza tulikuta wanawake wanakausha samaki, wakasema mzee alihama, yuko mbele. Cha pili tulikuta kibanda kitupu na majivu, hata mbwa hakuna. Shofa aliita mpaka sauti ikakauka. Wavuvi wale wanahama maji yanapohama, na mto hauachi nyayo. Niliangalia visiwa vingine vimepangana mbele yetu, vyote vya majani yaleyale, vyote vimenyamaza, nikahisi kwamba mdogo wangu anakufa nyuma yangu huku mimi ninatembezwa. Nililia waziwazi. Shofa akaacha kuimba.

Kisiwa cha tatu tulimkuta. Mzee mdogo wa umbo, macho yameingia ukungu, anashona wavu kwa vidole tu bila kuangalia. Nilipiga magoti mchangani, mimi ambaye sipigi magoti ila kanisani, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, binti yangu," alisema. "Miye sioni tena. Siwezi panda mutumbwi ya moteri, kichwa yangu inazunguka."

"Baba, yule anakufa."

"Ndiyo maana nitakupa mukono yangu."

Akaagiza kafi lake. Lilikuwa kafi la zamani, mpini umelainika kwa viganja. Akachukua udongo mweupe ndani ya kibuyu, akapaka bapa lote, pande mbili, kwa utaratibu, mdomo wake unatembea kimya. Kisha akalifunga kwa kitambaa, akaniwekea mikononi.

"Hii ni miye. Ataishika, udongo utabaki mu mikono yake, atavuka. Lakini sikia muzuri: isiguse maji mbele ya kumugusa yeye. Ikigusa maji, haina mukono tena, ni mti tu."

Kafi lisiguse maji. Nilitaka kumwambia kwamba chombo kile kilichongwa kwa ajili ya maji. Nikamshukuru tu, kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokifuata. Nililipakata kafi lile kama mtoto mchanga, na kwa mara ya kwanza sikutapika.

Kuteremka ni kazi ndogo, mto wenyewe unakusukuma. Shofa alianza tena kuimba. Tulikuwa karibu na mahali mto unapobanwa na mawe, ndipo ikapita kano, boti moja ya kasi, nyeupe, imejaa wageni wamevaa makoti ya rangi ya chungwa ya kuelea. Ilitupita kama hatupo. Wimbi lake likaingia mtumbwini, moteri ikakohoa, ikazima. Shofa alivuta kamba, akavuta, akavuta tena, akaipiga kofi, akaitukana mama yake. Mimi nilisimama nikawapungia wale wageni mikono yote miwili, nikipiga kelele. Nao wakatupungia. Mmoja alitabasamu, nakumbuka, mwanamke mwenye kofia pana. Wakakata kona, wakaenda zao.

Mtumbwi ukageuka ubavu. Nilisikia mawe kabla ya kuyaona. Shofa aliangalia kifurushi kilichokuwa mapajani mwangu, akageuza uso.

"Mama, siwezi. Ile ni ya mzee."

"Sasa tufe?"

"Siwezi, mama."

Alikuwa mtoto wa mto, ukoo wake na wao wanajuana. Mimi ni mtu wa Kabambare. Nilikifungua kitambaa, nikalizamisha kafi majini mpaka mpini. Sijui kupiga kafi. Mtumbwi ukaanza kuzunguka mahali pamoja, na hapo ndipo shofa aliponinyang'anya, kwa maana lilikwisha kulowa, akatutoa pale kwa mikono yake mpaka kwenye ukingo wa mchanga. Watu wengine wameniuliza kama ninajuta. Sijuti. Tungekufa tungemfungulia nani maji?

Lakini bapa lilikuwa jeusi, safi, udongo umekwenda wote.

Tulikaa mchangani tukiliangalia. Shofa ndiye aliyesema kwanza: kisiwa kile kina wanawake wanaotwanga muhogo. Nikaelewa, nikainuka. Niliomba kiganja cha unga, nikasema ni wa uji. Tukalikausha kafi juani, tukalipaka unga uliokorogwa kwa maji kidogo, pande mbili, kama alivyofanya mzee. Ukikaa mbali ungedhani ni udongo uleule. Shofa aliniangalia akasema, "Mama, hata miye ningevuka." Tulicheka kidogo, wapumbavu wawili, tukaendelea polepole kwa kafi lilelile, huku akilipiga kwa mpini, bapa likiwa juu.

Tulipokaribia nikalifunga tena kwa kitambaa; tulipofika watu walikuwa wamejaa. Mama mkwe alipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakifungua mbele ya mgonjwa. Akaangalia sana. Akapitisha kidole kwenye bapa, akakiweka ulimini.

"Hii ni unga," alisema.

Halafu mdogo wangu akaanza kucheka. Alicheka kwa mwili wote, machozi yanamtoka, akashika mbavu, akasema, "Yaya, ulitaka kunipika?" Na mimi nikacheka, na wanawake wengine wakaficha midomo kwa vitenge. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma mpaka kitambaa kikawa chekundu.

Alipopata pumzi nilimshika mkono. Nilimwambia kafi ni la mzee kweli, mzee amekubali kwa kinywa chake, Mungu ni shahidi, maji yaliingia kwa bahati mbaya. Nilimwambia mtumbwi upo, mawimbi yametulia. Nilimwomba. Sijawahi kumwomba mtu vile. Akamwangalia mtoto wake, aliyekuwa amelala kwenye mapaja ya bibi yake, kinywa wazi.

"Ingekuwa miye tu, yaya, ningeingia sasa hivi."

"Utakufa hapa."

"Najua."

Nilimbeba kwa nguvu. Alikuwa mwepesi mno, nikadhani nimeshinda. Lakini alishika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili, na mikono ile iliyokuwa haiwezi kuinua kikombe sikuweza kuitoa. Watu wakanisihi nimwache. Nikamrudisha kwenye mkeka, nikamfunika, nikamtukana, nikamuomba radhi, nikamtukana tena.

Kurudi kwa mzee kulihitaji moteri, kwa sababu ni kupanda mto. Ya shofa ilikuwa imekufa, nyingine pale haikuwepo. Nilimwambia mdogo wangu kwamba ninakwenda Kasongo kutafuta fundi au mwenye moteri nyingine, nitarudi. Akasema, "Nenda, yaya, usitapike." Nikavushwa na mtumbwi wa kusukumwa kwa mti, nikapanda pikipiki, mvua ikatukuta njiani, tope mpaka magotini. Kasongo nilibisha milango yote ninayoijua. Mwenye moteri hakuwa na mafuta, mwenye mafuta moteri yake iko kwa fundi, fundi amekwenda Kindu.

Nilikuwa bado ninatafuta walipomleta. Wanaume wa visiwani walimbeba kwenye tipoyi, machela ya mianzi, kutoka mtoni, amezungushiwa mkeka, na mama mkwe alitembea nyuma, miguu imejaa tope, amemshika mtoto mkono. Walimleta azikwe kwa ndugu zake, kama ilivyo haki. Niliwasimamia mlangoni kwangu, sikuwapisha.

"Alivukaje?" niliuliza. "Nani alifungua maji?"

Mama mkwe alishangaa swali langu. Aliona kweli kwamba sijui.

"Maiti hawafungi, mama," alisema. "Kinachofungwa ni muzima."

Nilimpigia kelele. Nilisema yote, mbele ya majirani, mbele ya maiti. Nilipochoka, alimsogeza mtoto mbele kidogo, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Muone," alisema. "Iko muzima. Mama yake alimulinda."

Mtoto alikuwa mzima kweli, amesimama pale na tope lake, akiniuliza kama kuna wali.