Upande wa Kuitikia

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mitambo hakunionyesha hata kiti. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba, binti," kisha akanipa kitambaa nifute vumbi kwenye kabati la diski. Nilikuwa na cheti cha ufundi wa mawasiliano na viatu vipya vilivyonibana tangu nyumbani Usoke, na roho iliniuma. Kumbe alitaka nizisikie diski zikizunguka. "Ukizoea mlio wake zikiwa nzima," alisema, "siku mojawapo ikiumwa utajua kabla taa nyekundu haijawaka." Nikafuta vumbi mwezi mzima.

Kilikuwa kituo kidogo cha redio hapa Tabora mjini. Jina lake nalihifadhi, maana baadhi ya wakubwa wake tunasali nao hadi leo. Mali yake kubwa haikuwa mnara wala gari, ilikuwa hazina ya sauti: kwaya, ngano, na wazee wa njia ya misafara wakieleza jinsi babu zao walivyobeba pembe hadi pwani. Tulikuwa tumezitoa kwenye kanda na kuziweka kwenye diski, na tangu hapo Mkuu wa Mitambo hakuwa na amani. Alitaka nakala ya pili ikae mbali, Kigoma, ambako tulikuwa na ofisi ndogo.

Nilipelekwa kwanza Kaliua, kulinda mitambo ya kurusha matangazo pale reli ya Mpanda inapochepuka. Kaliua nilijifunza subira na kupika ugali wa mtu mmoja. Kisha simu ikaja: niende Kigoma nikajenge upande wa pili.

Ninyi vijana mnaobofya mara mbili na kwenda kunywa chai, nivumilieni kidogo. Diski za hifadhi zina lugha yao, na lugha hiyo imezoea kusemwa ndani ya chumba kimoja, haisafiri mbali. Kinachosafiri mbali ni mtandao wa IP, lugha ya intaneti. Kwa hiyo kwenye swichi ya hifadhi tulijenga handaki. Maneno ya diski yanafungwa ndani ya pakiti, yaani vifurushi vya IP, yanapita kwenye waya wa faiba uliofuata reli, yakifika Kigoma yanafunguliwa, na diski ya huko inadhani mwenzake yuko chumba cha jirani.

Unaanza kwa kuiambia swichi itumie anwani yake ipi na isizidi kasi gani. Hapo usijitutumue. Ukiandika kasi kubwa kuliko laini uliyonayo, pakiti zinadondoka njiani, zinatumwa upya, na kazi inakwenda polepole kuliko kama ungesema kweli. Kisha unaunda mlango wa handaki na kuutajia anwani ya mwenzake wa upande wa pili. Ukubwa wa pakiti na namna ya kubana data lazima vifanane kotekote. Mwisho unachagua nani aite na nani aitikie. Kwetu, Tabora ndiyo iliyoita. Kigoma niliiweka upande wa kuitikia: isubiri, isianzishe neno.

"Usiguse kitu mpaka uisikie sauti yangu," Mkuu wa Mitambo alisema kwenye simu. Nikamsikia akikohoa, akibonyeza vitufe vya kompyuta kwa kidole kimoja kama kawaida yake. "Haya, fungua." Nikafungua mlango wa upande wangu na kuikodolea macho skrini.

"Handaki limeunganika, mzee."

"Mungu ni mwema," akasema. "Nenda ukale."

Nilirudishwa Tabora mzee alipostaafu, chumba kikawa changu. Baada ya miaka akaja Meneja Mkuu mpya kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye akili, silikatai hilo. Alitaka matangazo ya video mubashara, na laini tuliyokuwa nayo ni moja.

"Mama, handaki lako linakula laini yote kwa ajili ya sauti za marehemu," aliniambia. "Tulifunge kwa muda. Nakala tutaweka kwenye wingu la mtandaoni."

"Wingu lenyewe liko wapi, Meneja?"

"Linakuja, mama. Muda mfupi tu."

Nilibishana naye hadi nikaonekana mkaidi. Mwishowe nililifunga kwa mkono wangu, kwa sababu ndiyo kazi.

Ni katika muda mfupi huo mama yangu alikubali kurekodiwa. Mama alikuwa manju, kiongozi wa nyimbo, pale Usoke. Alikuwa na nyimbo za babu yake, aliyekuwa mpagazi, na wanawake walilima tumbaku wakimwitikia. Miaka yote alikataa redio, akisema nyimbo hizo ni za kazi, si za kukaa kwenye boksi. Mwaka ule miguu ilimgomea. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko lake, akaomba jembe alishike hivyo hivyo, akaisalimu mashine, "Mwangaluka," kama salamu ya asubuhi kwa jirani. Kisha akaimba. Mimi na wanawake tukaitikia.

Kadi ya kinasa sauti ilifutwa kesho yake, itumike kurekodia mpira. Sauti ikabaki kwenye diski za Tabora peke yake. Nilimwomba Meneja aniruhusu kulifungua handaki siku moja tu. Akasema wiki ijayo. Baadaye akasema baada ya Pasaka. Mtaniuliza kwa nini sikuchomeka flashi. Flashi zilikatazwa kwenye chumba kile kwa sababu ya virusi, na mlinzi wa katazo hilo nilikuwa mimi. Wiki zikapita hivyo. Mama akafariki kiangazi.

Mvua za kwanza zilikuja na radi. Moja ya diski ikafa, na nyingine zikafuata tulipokuwa tunaijenga upya. Hapo Meneja mwenyewe akaniambia nifungue handaki, na Kigoma ikaturudishia kila kitu mpaka siku tuliyofunga. Kwaya zilirudi, wazee wa misafara walirudi, hata kikohozi cha Mkuu wa Mitambo akijaribu maikrofoni. Mama hakuwemo.

"Pole sana, mama," Meneja alisema. "Sikujua kuwa mama yako yumo mle."

"Hata asingekuwemo, handaki halikufaa kufungwa," nilimjibu.

Nimestaafu sasa. Wingu lilikuja kweli, na waliopo wanafanya kazi safi kuliko yetu. Nafurahi, ila nafurahi kwa uchungu. Nalima kipande cha mama pale Usoke, na wajukuu wakija likizo wananiomba wimbo wa tumbaku wa mama, maana wamesikia sifa zake. Nashika jembe, nafungua kinywa, na ninachokijua ni kiitikio tu. Maisha yangu yote shambani mule nilikuwa upande wa kuitikia. Wa kuita alikuwa yeye. Watoto wanasimama kwenye matuta wakinisubiri nianze, na mimi namsubiri mama.