Mama Mkwe na Gurudumu la Mbele

Kwa miaka kumi na minne ya ndoa yangu, mama mkwe hakuwahi kuniambia neno ana kwa ana, na nilimshukuru kwa hilo. Kwetu Ukambani hayo si magomvi. Ni nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamli pamoja, hamkai karibu, na mkikutana njiani mmoja wenu hupata ghafla kitu cha kuangalia kichakani. Wengi wameiacha siku hizi, hasa waliookoka. Sisi tumeokoka na hatukuiacha, maana ilitufaa sote wawili.

Halafu akafanyiwa upasuaji wa jicho mjini Kitui, na daktari akataka amwone tena baada ya wiki mbili. Kurudi kwake Mtito Andei kulikuwa mbali. Akaja kukaa kwetu Kanyangi, jicho moja limefungwa bandeji, na akapewa kiti nyuma ya jikoni ambako tusingeonana.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Pikipiki yangu ni ya zamani sana, niliuziwa na ofisa wa kilimo aliyestaafu. Beringi za magurudumu yake si kama za pikipiki hizi mpya, ambazo zikichakaa unatupa na kuweka nyingine. Zake hukazwa na kulegezwa kwa nati, na anayezikaza anatakiwa kujua anachofanya. Mwezi huo usukani ulianza kutetemeka. Nilimwambia mke wangu ni barabara.

Jioni ya pili ya ugeni huo, nilipozima injini uani, nilisikia sauti kutoka nyuma ya jikoni.

"Mwambie mwenye pikipiki gurudumu la mbele linacheza."

Mke wangu akatoka na mwiko mkononi. "Mama anasema gurudumu la mbele linacheza."

"Nimesikia. Mama amejuaje na hata haoni?"

"Amesikia. Baba alikuwa fundi wa magurudumu ya malori. Nani unadhani alikuwa anampa spana?"

Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba mama mkwe aliwahi kuwauzia madereva chai. Niliwaza kwamba pikipiki si lori, na kwamba nimefundisha msuguano tangu nimalize chuo. Hata hivyo, kesho yake, watu wakiwa shambani, niliweka jiwe chini ya injini gurudumu likaning'inia, nikalishika juu na chini na kulitikisa. Lilicheza. Nikachukua spana ndefu nikaikaza ile nati kwa nguvu zangu zote. Nilipotikisa tena, gurudumu lilikuwa kimya kama jiwe. Nikanawa mikono, nimeridhika kabisa.

Jumamosi nilialikwa Kikima kuzungumza na wanafunzi katika siku ya maombi. Mada yangu ilikuwa sayansi katika maisha ya kila siku. Hadi kule tambarare pikipiki ilikwenda vizuri, tena kwa utulivu ambao niliusifu kwa sauti, peke yangu. Tulipoanza kupanda milima ya Mbooni ikawa nzito. Nilidhani ni mlima. Kisha nikasikia harufu ya grisi inayoungua, na nilipogusa katikati ya gurudumu nikapeleka vidole mdomoni kama mtoto. Nikamwagia maji ya kunywa. Yalilia kama mafuta kwenye kikaango.

Nilifika Kikima nyuma ya pikapu ya kabichi, nimeishikilia pikipiki isiangukie mboga. Nilizungumza nusu saa kuhusu faida za kupunguza msuguano, shati langu lina alama nyeusi tumboni. Wanafunzi walipiga makofi sana. Mchungaji alisema nimewagusa.

Pikapu nyingine ilinirudisha nyumbani. Jumatatu nilinunua beringi mpya Kitui mjini, na alasiri nikaketi uani na vyuma vyangu. Mke wangu alikuwa ameenda ushirika wa akina mama kanisani. Tulibaki wawili tu, mimi na yule nyuma ya jikoni, na mbuzi mmoja aliyefungwa katikati yetu.

Nilipaka grisi, nikarudisha gurudumu, nikaiokota ile spana ndefu, ikagonga vyuma vingine kwa kishindo.

"Wewe mbuzi," ilisema sauti, "weka hiyo spana ndefu chini. Chukua fupi."

Mbuzi aliendelea kutafuna. Mimi nikachukua fupi.

"Zungusha gurudumu kwanza. Kaza huku linazunguka, ili vyuma vya ndani vikae mahali pake."

Nikazungusha, nikakaza mpaka gurudumu likaanza kuwa zito.

"Sasa mbuzi, rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Nikatikisa, nikaona bado linacheza sana, nikakaza tena. Nikasikia kiti kikiburutwa. Mama mkwe alitokea kwenye kona, mkono mmoja ukiufuata ukuta, akaja mpaka penye pikipiki. Nilitazama chini. Aliinama, akashika kwa mkono mmoja chuma cha mbele kinachobeba gurudumu ili kisitudanganye kwa kucheza chenyewe, na kwa mwingine akalisukuma tairi kuja na kurudi. Alifumba hata lile jicho zima.

"Umelinyonga," akasema. Hapo hakukuwa na mbuzi. "Chuma kikipata moto kinavimba. Kitavimbia wapi? Kiachie nafasi ya kupumua, mwalimu. Rudisha."

Nikarudisha kidogo.

"Bado."

Nikarudisha tena, chini ya unene wa unywele.

"Hapo. Shika mwenyewe uone."

Niliweka mkono wangu karibu na wake. Kulikuwa na mchezo mdogo sana, ambao unauhisi vidoleni kabla hujauona. Akalizungusha gurudumu, likaenda muda mrefu bila sauti, na sote wawili tukalisikiliza mpaka likasimama lenyewe. Niliweka pini ya kuizuia nati isilegee. Nilitaka kusema asante. Nikasema, "Ndiyo, mama." Akaondoka taratibu akiushika ukuta.

Mke wangu aliporudi alilizungusha gurudumu kwa mguu. "Aiya! Nani amelitengeneza?"

"Mwalimu," ilijibu sauti nyuma ya jikoni.

Mke wangu alinitazama. Nilikuwa nafuta mikono kwa makini mno. Sikukana.

Siku hizi walimu wenzangu huniletea pikipiki zao. Nashika tairi juu na chini, nafumba jicho moja, wananyamaza. Nikikwama huwaambia tatizo hili linahitaji kufikiriwa, waache pikipiki mpaka kesho. Kisha namwomba mke wangu apige simu Mtito Andei.